Amezama, Amezamia

Ester mwanangu,

Mama yako amekwisha kukuambia habari za chandarua, za chakula kilicholala, na za wale watu wa stendi wanaojifanya kukusaidia mizigo. Hapo sina la kuongeza. Kuku wamekaangwa, dumu la mafuta ya alizeti limefungwa nailoni juu ya kifuniko lisije likamwagikia sare zako. Mimi nimebakiwa na kazi ya kuandika barua hii tu, na sijui vizuri naianzia wapi, kwa sababu ninachotaka kukuambia sijakielewa mwenyewe mpaka leo.

Unaijua hadithi ya baba yako mkubwa Zefania. Umeisikia kila Krismasi, jinsi alivyokufa maji akiwa hai. Nyinyi watoto mnamwita "marehemu", naye anaitika, na watu wanacheka mpaka chai inamwagika. Nami hucheka. Lakini hadithi ile tumezoea kuianzia mahali panapochekesha na kuiishia hapohapo. Nataka kukusimulia yote, kwa kuwa kesho unakwenda chuoni Tanga, kwa watu waliozaliwa na Kiswahili mdomoni. Sisi tumejifunza Kiswahili kama mtu anavyojifunza baiskeli, kwa kuanguka.

Zefania ni mkubwa wangu. Tulikua pamoja kule nje ya Nduguti, kabla haijawa makao makuu ya wilaya, wakati pale zilipo hizi ofisi mpya palikuwa malisho. Shule hakuipenda. Alipenda kwenda. Akitumwa kisimani alirudi kwa njia ya mbali zaidi. Alipokuwa kijana akaenda Dar es Salaam kutafuta vibarua bandarini, akawa anatutumia salamu kwa watu wa mabasi, mara sukari, mara khanga ya mama. Mimi nilibaki. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimemwoa mama yako, nalima na babu yako. Pale nyumbani mimi ndiye niliyekuwa Kiswahili chao. Babu yako alikijua cha mnadani, cha kuuza ng'ombe. Bibi yako alikijua cha kanisani tu. Barua ikija, nasoma mimi. Afisa akija, nazungumza mimi. Nilijivunia jambo hilo kuliko nilivyojivunia shamba.

Simu ilikuwa moja, dukani kwa mzee mmoja pale senta. Aliitundika kwenye msumari dirishani, mahali pekee ilipopata mtandao, na anayetaka kuzungumza aliinamisha kichwa pale bila kuiondoa. Siku moja mwenye duka alimtuma mtu kuniita, kwamba kuna simu ya Dar na anayepiga atapiga tena. Ulikuwa msimu wa kuvuna uwele. Nikaacha kazi, nikachukua baiskeli.

Aliyepiga alikuwa Jumanne, rafiki aliyekuwa akikaa chumba kimoja na Zefania. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama ya mtu anayeficha jambo, na simu ilikuwa ikikatakata. Sehemu niliyoisikia vizuri ni hii: "Zefania kazamia meli."

Nikamuuliza lini. Akasema juzi usiku. Akasema tumwombee tu, na tusiulizeulize, tutawaharibia. Kisha simu ikakatika. Nikamwomba mwenye duka aipige ile namba. Akapokea mtu mwingine kabisa, akasema pale ni kibanda cha simu na Jumanne hamjui.

Sasa nisikilize, mama. Neno kuzamia mimi nilikuwa sijawahi kulisikia likitumika hivyo. Kwetu kuzama nilikujua: kata inazama mtungini, jua linazama nyuma ya vilima vya Iramba, mguu unazama topeni. Na shuleni tulifundishwa kwamba mtu akifa mahali fulani, amefia pale. Akilala mahali fulani, amelalia pale. Kwa hiyo akizama na meli, amezamia meli. Nililichambua neno lile pale dirishani kama mwanafunzi anayejibu mtihani, nikajipa alama zote. Sikuwa na shaka hata kidogo. Hilo ndilo linalonichanganya hadi leo: maishani mwangu sijawahi kuwa na uhakika wa jambo kama nilivyokuwa siku ile.

Nilirudi nyumbani nikiikokota baiskeli. Babu yako na bibi yako walikuwa uwanjani wanapepeta. Nikawaambia kwa Kinyiramba chetu, na kwa Kinyiramba sikusema hata kuzama. Nilisema amekufa majini. Nilidhani natafsiri, kumbe naongeza.

Babu yako aliketi juu ya uwele. Bibi yako hakulia kwanza. Alikuwa bado ameshika ungo, akaniuliza, "Nani amemwona?"

Nikamwambia, "Mama, aliyezama haonekani."

Akauliza tena, kwa njia nyingine, kama kuna mtu aliyeikuta nguo yake, au aliyekuwepo. Nikamjibu kwa ukali kidogo. Nilikuwa na uchungu, na nilitaka aache kuuliza ili na mimi niweze kulia. Nikasema wametuambia tusiulize. Akautua ungo chini taratibu, uwele usimwagike, ndipo akalia.

Tukaweka matanga bila maiti. Watu walijaa, wengine kutoka hata Iguguno. Mchungaji alisoma habari za bahari itakayowatoa wafu wake. Babu yako akachinja ng'ombe. Bibi yako akanyolewa, na nguo za Zefania zilizobaki zikagawiwa ndugu. Mimi nilipata koti. Sehemu ya shamba aliyokuwa ametengewa ikaongezwa kwenye yangu, nikapanda alizeti.

Katika mambo yote niliyowahi kukosea, Ester, hili la bibi yako ndilo ninalolirudia zaidi. Watu tulimlinda na kilio kile kikubwa, wanawake wakalala naye wiki nzima. Kilipopungua tukasema amepoa. Uliwahi kuona ng'ombe akinasa kwenye tope la mbuga wakati wa masika? Hazami. Anadidimia. Unamtazama kwa macho tu, leo magoti, baadaye tumbo, naye ametulia tu kama anayepumzika. Ndivyo alivyokuwa. Aliacha kuimba kanisani, tukasema sauti imezeeka. Akaacha kufuga kuku, na wewe unajua kuku kwa mwanamke wa kwetu ni nini. Tukasema amechoka. Mimi nilikuwa naishi naye boma moja, nikawa nasema hajambo kila nilipoulizwa.

Wewe ukazaliwa. Ulipoanza kutambaa, Zefania akarudi.

Mimi ndiye niliyemwona kwanza. Nilikuwa shambani nimevaa koti lake. Niliona mtu anakuja na begi la mgongoni kwa njia ya mbali, ile ya kuzunguka kilima, na moyo wangu ukajua kabla ya macho. Utaniona mtu wa ajabu, lakini sikukimbia kumkumbatia. Nilisimama. Jambo la kwanza lililonijia halikuwa furaha. Lilikuwa hasira, tena hasira ya mtu aliyeaibishwa. Nilimwamkia tu, kwa mazoea.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Mbona unaniangalia hivyo?"

"Tulikuzika," nikamwambia.

Akanitazama, akalitazama koti. "Mlizika nini?"

Nikamweleza habari za simu, neno kwa neno. Akaketi kwenye tuta akacheka, akacheka mpaka akashika mbavu. Ndipo akanieleza, kama mwalimu, kwamba kuzamia ni kuingia pasipo kualikwa. Vijana wa Dar wanazamia harusini wakale wali. Wanazamia mpirani. Na wenye roho ngumu wanazamia meli: unajificha chini na mzigo, unatokea nchi nyingine. Yeye alitokea Afrika Kusini. Alifanya kazi huko mpaka alipokamatwa na kurudishwa. Barua hakuandika kwa sababu alitaka kuandika siku atakapokuwa na la kujivunia, na siku hiyo haikufika.

Kicheko kikaisha ghafla, akauliza, "Na mama?"

Nikamwambia mama yupo.

Babu yako hakuhitaji maelezo yoyote. Alimwona mwanawe mlangoni, akamshika kichwa kwa mikono miwili kama anayepima uzito wake, akatoka nje kutafuta mbuzi wa kuchinja. Kwake hesabu ilikuwa rahisi. Alikuwa amempoteza mtoto, amempata.

Bibi yako alikuwa jikoni. Zefania aliingia akapiga magoti akamwamkia. Bibi akaitikia. Alimtazama kwa muda mrefu, si kwa hofu, kwa adabu. Kisha akaleta kigoda kizuri, akaleta maji ya kunawa, akasema, "Karibu, mgeni. Umetoka mbali."

Tulidhani ameshtuka, atazoea. Nikakaa naye kesho yake, nikamfafanulia kwamba kuna kuzama na kuna kuzamia, na kwamba mimi ndiye niliyekosea. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Haya aliyoniambia aliyasema kwa Kinyiramba, na nimejaribu miaka yote kuyaweka kwa Kiswahili yasipungue.

"Nilikuuliza nani amemwona. Ukaniambia aliyezama haonekani. Nikaenda kumlilia, nikamlilia mpaka nikafika mwisho. Sasa unaniambia lilikuwa neno. Kilio changu nikirudishe wapi?"

Swali hilo ninalo mpaka leo.

Alimtunza yule mgeni vizuri. Alimpikia, alimfulia, alimpa sahani isiyopasuka. Jina lake hakulitaja. Akiulizwa na majirani watoto wake wa kiume wako wapi, alisema mmoja yuko hapa na mmoja alikufa baharini. Watu wakasema akili imemtoka. Lakini mbegu alizijua, siku ya mnada aliijua, madeni ya kila mtu kijijini aliyajua. Wewe alikulea, na hukuwahi kuanguka mikononi mwake. Mimi nilikuwa namtazama nisijue kama hajui, au anajua na amekataa. Kuna siku niliamini moja, na siku nyingine niliamini nyingine.

Pale kijijini mimi nilipewa jina: Mkalimani. Watoto waliniita hivyo barabarani. Hiyo ni sababu mojawapo ya sisi kuhamia mjini hapa Utemini, ingawa huwa nakwambia tulifuata biashara ya mafuta. Shamba nilimrudishia Zefania. Koti alikataa.

Sasa nikueleze kile ambacho sijamweleza hata mama yako. Nilikuwa nimekwenda kuwasalimu, mwaka mmoja kabla bibi yako hajafariki. Niliwakuta wamekaa ukutani kwenye kivuli, yeye na Zefania, wanapukuchua mahindi. Hawakuniona. Bibi yako alikuwa anasimulia. Alikuwa anamsimulia mgeni habari za Zefania. Kwamba alizaliwa usiku wa mvua na alikataa kunyonya mpaka asubuhi. Kwamba alikuwa akitumwa maji anazunguka kilima kizima, na alipoulizwa alisema huko njia ina ndege wengi. Kwamba aliogopa radi, akawa anaficha uso kwenye khanga yake, na hakutaka mdogo wake ajue.

Zefania alikuwa anapukuchua huku akisikiliza. Bibi akinyamaza, anamuuliza, "Halafu ikawaje, mama?" naye anaendelea.

Nikapiga hatua. Nilitaka kumwambia mama, huyu hapa, ndiye huyu. Zefania akaniona, akanyoosha mkono chini, hivi, kama mtu anayetuliza mbwa. Nikabaki pale nilipokuwa.

Bibi alipoingia ndani nikamuuliza kaka yangu anawezaje kuvumilia. Akasema, "Mwache. Huyo anayemsimulia ni mtu mzuri kuliko mimi. Nami bila hivi nisingemjua."

Bibi yako alipokuwa mgonjwa, ni Zefania aliyembeba mgongoni mpaka kwenye gari, na ni yeye aliyekesha naye hospitali. Mimi nilifika nikamkuta amekwisha kutangulia. Nikamuuliza Zefania kama mwishoni mama alimtaja kwa jina. Ndugu wote walitaka kujua hilo. Akasema aliomba maji, akanywa, akasema asante. Nikauliza, asante nani? Akanitazama akasema, "Asante tu." Na mpaka leo hajaongeza neno, hata watu wakimcheka na hadithi ya marehemu.

Nimeishi na jambo hili nikijaribu kupata fundisho, kwa kuwa mzazi anapoandika barua kama hii hutegemewa awe nalo. Nilianza kwa kusema fundisho ni kujua maneno. Basi nikawa nayakusanya. Mchungaji akisema tuzame katika Neno, natega sikio. Mtangazaji akisema mazungumzo yamezama kwenye siasa, natega sikio. Mwaka ule ziwa la Singidani lilipopanda na kumeza barabara, kila mtu sokoni alikuwa na kuzama kwake. Wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba mtu akimtumia msichana ujumbe wa pembeni kwenye simu, mnasema kazama inbox, nikacheka nikaenda kujifungia stoo, kwa sababu nilimwona bibi yako ameshika ungo. Maneno nimeyajua mengi. Hayakunisaidia. Jumanne hakukosea neno, wala kamusi isingemfundisha mama yangu pa kurudisha kilio. Kilichokosekana siku ile ni mtu mmoja kukubali kuulizwa mara ya pili.

Labda ndilo fundisho. Sijui. Najua tu kwamba bibi yako aliuliza, na mimi nilimjibu ili anyamaze.

Juzi ulikuwa ua wa nyuma unachambua mlenda, simu umeibana kwa bega, unazungumza na rafiki yako. Nilikuwa napita na ndoo. Nikakusikia unasema, "Mimi mwenzio nimeshazama, sitoki tena." Ukacheka, lakini mwishoni kicheko kilikatika, ukajifuta jicho kwa mkono wenye mlenda.

Sikukusudia kusikiliza. Nimelibeba neno hilo tangu juzi. Nimeliweka huku na huku. Huenda ni mapenzi, na kama ni mapenzi mimi si polisi. Huenda ni masomo, maana uuguzi hukuutaka mwanzoni, mimi ndiye niliyeutaka, nawe ukasema sawa baba kwa upesi ambao nilipaswa kuutilia shaka. Huenda ni jambo la kuumiza ambalo sina hata jina lake. Huenda ni mzaha wa vijana na jicho liliingia vumbi. Jana nilikuja jikoni nikuulize. Nilisimama mlangoni, ukaniangalia, nikasema, "Chai ipo?" Ukanimiminia chai. Nikainywa yote, nikashukuru, nikaondoka.

Kwa hiyo nimekaa hapa nimeandika kurasa zote hizi, na naona sasa nilichokuwa nafanya. Nilikuwa nakuandalia barua uisome Tanga, mbali, mahali ambapo swali langu halitaweza kuniangalia usoni. Na ungeniandikia ujumbe kwamba hujambo, nami ningewaambia watu kwamba hujambo.

Shangazi yako amepiga simu sasa hivi kutoka Ilongero. Anasema umekwisha kumuaga, umepanda bodaboda kitambo, na amekupa karanga. Nami nasikia pikipiki inapunguza mwendo hapo nje, na mama yako anafungua geti.

Basi naishia hapa, mwanangu, bila dua ndefu na bila wasia. Barua nitaitia kwenye begi lako, chini ya sare, uisome ukitaka. Swali silitii humo. Nakuja kukuuliza mwenyewe, sasa, kabla hujavua viatu, na ukiniambia si kitu, nitakuuliza tena.

Baba yako